Ujuzi Hauzeeki, Mbona Haulipi?

Katika insha zetu za Kiswahili hapakosi mtu wa kuanza na methali "Ujuzi hauzeeki". Mimi mwenyewe nimeiandika mara nne tangu Kidato cha Kwanza, na mara zote mwalimu amenipigia alama ya vema. Leo nataka kuigeuza niitazame mgongoni. Nyumbani kwetu yupo mtu mwenye ujuzi, na ujuzi wenyewe haujazeeka hata kidogo, walakini mfuko wake ni ule ule wa mtu asiye nao.

Mtu huyo ni dada yangu mkubwa. Alipomaliza Kidato cha Nne gredi yake haikumfikisha chuo kikuu, basi mama akachukua mkopo kwenye chama chao cha akina mama na kumpeleka chuo cha ufundi kwa miaka miwili. Akasomea ushonaji, akafanya mtihani wa NITA, akapita Gredi ya Tatu. Cheti chake mama amekitia ndani ya nailoni na kukitundika ukutani juu ya redio. Hivi sasa dada anashona katika veranda ya mama mmoja hapa Langas, Eldoret. Wako wasichana watatu. Mmoja wao hakuwahi kuona mlango wa chuo. Alijifunza hapo hapo verandani, akianzia kazi ya kutia vifungo. Kwa kila sketi ya shule wanalipwa shilingi 80. Mwenye cheti 80, asiye na cheti 80.

Nilimwuliza dada, "Sasa ile miaka miwili ilikuwa ya nini?"

Akacheka. "Ilikuwa ya kunifunza kwamba 80 ni kidogo."

Siandiki haya ili nihurumiwe. Naandika kwa kuwa mwaka ujao sisi wa Kidato cha Tatu tutafanya mtihani wa KCSE, sisi tulio wa mwisho kabisa katika mfumo wa 8-4-4, na wengi wetu (tuambiane ukweli) tutaishia katika veranda kama ile, au kwenye gereji, au kwenye kibanda cha seremala. Takwimu za serikali huonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya watu wenye kazi nchini, ukiwaacha wakulima wadogo, wako katika jua kali. Kwa hiyo bei ya kazi ya jua kali ndiyo bei yetu.

Kila panapozungumzwa malipo ya watu hawa, dawa inayotajwa ni moja: mafunzo. Vijana hawana ujuzi, wafundishwe. Nimeyasikia barazani, nimeyasikia redioni, nimeyasikia hata kanisani siku ya harambee. Sipingi mafunzo, la hasha. Dada anakata kitambaa bila kuharibu hata kipande cha upana wa kiganja, na hilo alifundishwa chuoni. Ninachopinga ni kule kudhani kwamba fundi akishajua kazi, pesa zitamfuata zenyewe kama vifaranga.

Hebu tufikiri pamoja. Malipo ya kipande hutoka wapi? Hutoka katika kile mteja anachokubali kutoa, baada ya kuondoa kitambaa, uzi, zipu na kodi ya veranda. Mteja naye si mjinga, anatazama upande wa pili wa barabara. Nenda sokoni Jumamosi asubuhi belo la mitumba linapofunguliwa. Wanaochagua kwanza hupata kamera, yaani zile nguo safi kabisa. Jua likipanda bei huteremka, na ikifika alasiri kinachobaki ni fagia: blauzi shilingi 30, ishirini ukijua kubembeleza. Kitambaa cha blauzi peke yake dada hakipati kwa chini ya 250, na hapo bado hajakanyaga cherehani. Hata angekuwa na Gredi ya Kwanza, hata angefundishwa Paris, hakuna namna ya kushona itakayoifanya 250 iwe ndogo kuliko 30.

Kuna na jambo jingine ambalo watu wa mafunzo hawalisemi. Kila mwaka vyuo vinatoa mafundi wapya, ilhali veranda haziongezeki kwa kasi hiyo wala wateja hawaongezeki. Mafundi kumi wakigombea sketi moja, mwenye veranda ana haja gani ya kupandisha malipo? Akikataa huyu, yupo mwenzake mlangoni na cheti mkononi.

Jambo hili lilianza zamani, kabla sisi hatujazaliwa. Mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani walikuja Kenya, na ripoti yao ikaifanya dunia ianze kuwatazama wafanyakazi wa namna hii kama watu wenye kazi hasa, si wazururaji. Mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ulianza, nao ulitaka kila mtoto wa shule ya msingi aguse randa, sindano na jembe ili akitoka aweze kujiajiri. Mama yangu alisoma wakati huo. Aproni aliyoshona katika somo la Sayansi Kimu anayo hadi leo, ana mazoea ya kuivaa Krismasi, na mishono yake haijaachia. Mwaka 1992 serikali ikatoa waraka rasmi wa sera kuhusu biashara ndogo na jua kali. Kwa maneno na kwa karatasi, fundi alipendwa.

Lakini katika miaka hiyo hiyo mlango mwingine ulikuwa ukifunguliwa. Katika miaka ya 1980 biashara ya kuleta mitumba kutoka nje ilikuwa imezuiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 masharti ya biashara yalilegezwa, na mitumba ikaingia kwa meli baada ya meli. Viwanda vya nguo vikaanza kuyumba. Hapa kwetu Eldoret kulikuwa na Rivatex, iliyoanzishwa mwaka 1976. Mwaka 1998 iliwekwa chini ya mrasimu. Sisemi mitumba ndiyo peke yake iliyoiangusha, kwani kulikuwa pia na madeni na upungufu wa pamba. Chuo Kikuu cha Moi kiliinunua mwaka 2007, na mwaka 2019 ikazinduliwa upya ikiwa na mitambo mipya. Ninachotaka uone, msomaji, ni kwamba serikali ile ile iliyomfundisha mama kushona aproni kwa mkono wa kulia, kwa mkono wa kushoto ilikuwa inamletea mshindani asiyenunua kitambaa wala kulipa fundi. Wizara ya Elimu na watu wa biashara hawakuwa wakila sahani moja.

Kuna mpango mmoja wa zamani ninaoupenda, ingawa nimeusoma tu. Kuanzia mwaka 1997 watu wa jua kali walipewa vocha, wakachagua wenyewe mahali pa kujifunza na kulipa sehemu ndogo tu ya karo. Wakubwa walidhani watu watakwenda vyuoni. Wengi wakaenda kwa mafundi stadi, huko huko vibandani, kwa sababu fundi stadi anajua mteja anataka nini wiki hii. Naam, hiyo ilikuwa akili. Ila vocha hazikuwa na uwezo wa kuleta mteja.

Sasa hapa najua kuna mtu ananong'ona, "Basi mitumba ipigwe marufuku, mambo yaishe." Nikiri kosa langu hadharani. Mwaka jana katika mdahalo wa Chama chetu cha Kiswahili mimi ndimi niliyesimama upande wa kutetea hoja hiyo hiyo. Tulishinda. Nilipiga meza, nikapigiwa makofi, nikaenda nyumbani nimefura kama andazi. Jirani yetu, ambaye nitamwita Mama Kibanda, alinisikiliza nikijisifu, kisha akaniuliza kwa upole, "Na mimi, mwanangu, utaniweka wapi?"

Mama huyo anauza mitumba. Mwaka 2020, wakati wa korona, serikali ilizuia kuingizwa kwa mitumba tangu mwisho wa Machi hadi Agosti. Watoto wake watatu nawajua, tulicheza kati pamoja. Nakumbuka wakija kwetu jioni na sahani iliyofunikwa, eti wametumwa kuomba chumvi, na mama akiirudisha sahani ikiwa na ugali. Naye pia ni mfanyakazi wa jua kali. Sera ya kuwapandishia malipo mafundi ingekuwa imewanyang'anya wauzaji riziki yao, na wauzaji ni wengi.

Tena ukichunguza utaona mitumba yenyewe inamlisha dada. Suruali ya kamera imetoka kwa mtu mrefu wa ng'ambo, inahitaji kukunjwa. Gauni lahitaji kupunguzwa kiuno. Kukunja suruali ni shilingi 50, dakika kumi tu, na pesa hizo mwenye veranda hagusi. Kuna Jumamosi dada hupata nyingi kuliko Jumatatu hadi Jumatano nzima ya sketi. Kwa hivyo ule mdahalo tuliushinda, lakini hoja nayo ilikuwa na tundu.

Wakubwa wetu wenyewe waligonga mwamba huo. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Arusha na kukubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vya nguo na ngozi vipumue. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao. Ipo sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iitwayo AGOA, iliyoziruhusu nguo zetu kuingia huko bila ushuru, na kwa ajili yake maelfu ya Wakenya walipata kazi ya kushona katika viwanda vya kuuza nje kama vile vya Athi River. Kenya ilipoona hatari ya kupoteza soko hilo, ilirudi nyuma mwaka 2017. Rwanda ilisimama imara, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika manufaa hayo. Tazama sasa: fundi wa Langas, muuzaji wa Gikomba na mshonaji wa Athi River, wote watatu wanaishi kwa sindano na nguo, na kila mmoja anavutwa na uzi ulioshikwa na mtu aliye mbali, ambaye hata jina la Langas hajalisikia.

Halafu yako mambo ya ushuru. Tangu Julai 2022 Jumuiya yetu ina kiwango cha asilimia 35 kwa bidhaa fulani zinazotoka nje ya Jumuiya, zikiwemo nguo, fanicha na bidhaa za chuma. Shabaha yake ni kuwalinda watengenezaji wa hapa. Seremala huenda akafurahi, maana kiti cha kutoka nje kinapanda bei. Lakini mali ghafi ya mtu mmoja ni bidhaa ya mwingine. Bati likipanda, fundi wa masanduku hana faida. Atapandisha bei ya sanduku au atajipunguzia mwenyewe. (Sisi wa shule ya kutwa hatununui masanduku, lakini muulize mwenzako wa bweni.) Na kitambaa kikipanda, kiwanda kinapumua na dada anakabwa. Kumlinda fundi ni kumtazama kama mnunuzi pia, si kama muuzaji tu. Cherehani, sindano, uzi, zipu, vipuri vya ovaloki, vyote hivyo fundi hununua. Nionavyo mimi, ushuru wa vitu hivi ungeshuka, dada angepata nyongeza bila kuingia darasani tena.

Sasa nifike pale palipoifanya kalamu yangu itetemeke kidogo, kwani walimu nao wanasoma jarida hili.

Sketi niliyovaa ninapoandika haya ilinunuliwa katika duka moja mjini, lile ambalo kila mzazi anaelekezwa na barua ya kujiunga. Mama alilipa shilingi 1,100. Siku moja nikiwa nimeketi verandani kumngoja dada, nilitazama rundo la sketi alizokuwa amemaliza. Rangi yetu. Marinda yetu. Nikageuza ukosi wa kiuno, nikaona lebo ya lile duka. Duka hukata kitambaa, hukileta Langas katika magunia, na kuja kuchukua sketi Ijumaa. Mama alitoa 1,100, na katika hizo 80 zikarudi nyumbani kwetu kupitia mlango wa nyuma.

Nisiwe mwongo. Kitambaa kina bei, zipu ina bei, mwenye duka analipa kodi na leseni, na mwenye veranda ana fungu lake. Hata hivyo nimekaa na dada na kalamu, tukapiga hesabu ya mita moja na robo ya kitambaa kizuri, mkanda, zipu na uzi, na haikuvuka 480. Akijilipa 250 kwa kushona, mzazi anatoa 730. Mzazi ameokoa 370 na fundi amepata mara tatu.

Nimemweleza mwalimu mmoja jambo hili. Akanijibu, "Mtoto wangu, kila fundi akishona, asubuhi gwarideni tutaonekana kama bustani ya maua." Ni hoja ya kweli, siidharau. Lakini rangi iko kwenye kitambaa, haiko kwenye mshono. Shule yaweza kuchagua kitambaa, ikakionyesha kipande chake ofisini, ikabandika vipimo vya marinda na urefu chini ya goti, kisha mzazi akaenda kwa fundi amtakaye. Sweta ziendelee dukani, hizo zahitaji mashine ya kufuma. Mie naomba sketi, suruali na mashati tu.

Na hapo ndipo cheti kingepata kazi. Shule ingeweza kusema fundi awe na gredi. Hapo dada angekuwa mbele, lakini yule mwenzake je, aliyejifunzia kwenye vifungo? Msije mkadhani ni mzembe; ndiye aliyemfundisha dada kutumia ovaloki, maana chuoni ilikuwa moja na ilikuwa mbovu. Yeye anahitaji mtihani, hahitaji darasa. NITA hupokea watu waliojifunzia kazini wakafanya mtihani wa gredi, na siku hizi serikali ina mpango wa kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Tatizo ni ada na siku za kazi zitakazopotea. Mtu wa shilingi 80 kwa kipande akikaa siku mbili mtihanini, siku hizo mbili hazina malipo. Kama nchi ina pesa za mafunzo, zianze na huyu, kwa kuwa yeye kazi tayari anaijua.

Serikali nayo ni mnunuzi mkubwa kuliko shule yetu. Hospitali zina mashuka, askari wana sare. Tangu mwaka 2013 ipo sheria ya kwamba asilimia 30 ya zabuni za serikali wawekewe vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Jambo zuri, ila waliomo verandani si kampuni. Hawana cheti cha kodi, hawana akaunti ya pamoja, na malipo ya zabuni hayaji Ijumaa kama ya mwenye duka. Wakiungana watano wakajiandikisha, pengine. Dada na wenzake wamelizungumza hilo, wakakwama pale pa nani atakuwa mweka hazina. Hayo ni yao, siyaingilii.

Sare ya shule yetu, kwa upande mwingine, si jambo la Arusha wala la Marekani. Inaamuliwa katika chumba kile chenye pazia la kijani, na Bodi pamoja na wazazi, na mkutano wa wazazi uko muhula ujao. Nimemwomba mama ainue mkono. Amesema atainua, lakini mimi nimwandikie maneno kwenye karatasi asije akatetemeka.

Kabla ya kuikabidhi makala hii kwa mhariri nilimsomea dada, yeye akiwa bado anakanyaga cherehani. Nilipofika penye shilingi 80 alisimamisha gurudumu kwa mkono.

"Hapo ungeongeza," akasema, "kwamba uzi najinunulia."